Mikunjo Aliyoipima Yangzes

Ndugu waombolezaji, mliopanda mpaka huku Karsha na upepo huu, mimi ni Tundup, mdogo wake marehemu Yangzes Lhadol, nimetumwa na mama niwasomee maisha yake.

Dada alizaliwa hapahapa tarehe 9 Aprili 1966, akasoma shule ya msingi Padum, sekondari Leh, kisha akaenda Jammu kusomea miamba, akahitimu mwaka 1989 na kuajiriwa katika taasisi moja ya utafiti. Kila kiangazi alirudi kupima mikunjo ya majabali yetu, akituonyesha makombe ya baharini yaliyogandamana na mawe juu ya mashamba ya shayiri, akieleza kwamba India ilipoisukuma Asia, sakafu ya bahari ilibanwa, ikakunjana na kupanda, hata nchi iliyokuwa mwendo wa siku tatu ikafupika ikawa ya siku moja.

Tarehe 2 Oktoba 1993 aliolewa na Gurmet Namtak, mtafiti mwenzake, wakajaliwa binti, Kunzes, aliyezaliwa Julai 1996. Kwa sababu ya uzazi hakuweza kusafiri, akampa mumewe kazi yake yote akaisome kwenye mkutano wa wataalamu, naye Gurmet akaisoma kwa jina lake mwenyewe, akapandishwa cheo. Nilikuwa jikoni kwao dada alipomwambia, "Gurmet, mikunjo ile nimeipima mimi, wewe hata mguu hujautia kule!" Akacheka. "Mama Kunzes, nawe! Mke na mume wana changu na chako?"

Dada alirudi kwetu na mtoto mgongoni, akafundisha shule ya Padum, lakini miamba hakuipima tena. Aliniambia kilichomuuma si cheo, ni kwamba kila jioni, kabla ya mtu yeyote, alikuwa akimsimulia Gurmet huyo huyo yote aliyoyagundua.

Juni mwaka huu, 2022, aliugua mapafu, na tarehe 18 Septemba alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari wa Padum waliomhangaikia, na majirani mliotuvunia shayiri tukiwa hospitali. Gurmet, kitambaa chako cheupe cha rambirambi tumekipokea, kwa ajili ya Kunzes. Na ninyi wenzake wa taasisi, mliokaa ukumbini siku ile mkijua fika kazi ni ya nani, mkapiga makofi, tunawashukuru kwa kuja, chai ya siagi iko tayari, kunyweni mpate joto.

Dada Yangzes, pumzika, umechoka.