Chai ya Juu

Kijiwe chetu kiko Kakuma mjini, kando ya barabara ya kwenda Lopur, mbele ya jiko la Mama Awoi, muuza chai na kahawa ya tangawizi. Ni benchi moja na mafundi watatu wasio na kazi. Ethuro tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kumbebea injinia kofia kule Lodwar, wiki nzima, na mpaka leo hajaiweka chini. Firmin, Mkongo wa kambi ya wakimbizi, ni Papa Mahesabu. Mimi Etabo naitwa Kamba, kwa kuwa nafunga majukwaa ya kupandia watu wa rangi na plasta. Asubuhi hiyo nilikuwa na karatasi mapajani: pasta wa Kalobeyei alitaka bei ya jukwaa la kanisa kabla ya saa sita. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu Gatdet, fundi wa rangi, aanguke kutoka kwenye jukwaa langu pale ng'ambo ya barabara. Mwezi mzima hakuna aliyemtaja kijiweni. Nilishukuru, na niliona haya kwa kushukuru.

— Kamba, weka kwa futi, alisema Injinia. Kila futi ya kwenda juu, mia mbili.

— Na kushuka?

— Kushuka ni bure. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kama ni lazima ashuke, utamlipisha aje?

— Futi ni ya watoto, alisema Firmin. Kwetu banapima kivuli.

— Kivuli cha nani?

— Cha jukwaa! Saa kumi na moja jioni kivuli inakuwa mara tatu. Unapima hapo, unaandika.

— Na pasta akikuja saa sita?

— Unamwambia kivuli bado inalala. Haraka haraka haina baraka.

Mama Awoi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Nami nilicheka, kalamu mkononi.

— Nyinyi mnasahau upepo, alisema Injinia, ameshapata moto. Upepo ya hapa si ya Kitale. Lipisha kulingana na mwenye kupanda. Mtu mzito, bei ya chini, huyo anakaa tu kama gunia. Mtu mwembamba, bei mara mbili, kwa sababu upepo inaweza...

Gatdet alikuwa mwembamba.

— Huyu pasta ni mtu wa Lodwar, alidakia Firmin. Mlipishe mara mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Asimlipishe sana, atakosa kazi, alisema Injinia. Kamba, soma tuone. Hiyo laini ya mwisho ni nini?

— Chai ya juu.

Hiyo ni desturi yetu ya zamani. Aliyefunga jukwaa ndiye hupanda kwanza, peke yake, na kikombe chake. Anakaa katikati ya mbao, anakunywa chai yote, anasikiliza miti ya jukwaa ikilia. Akishuka mzima, wengine wapande.

— Futa hiyo, alisema Injinia. Inakula saa nzima. Bandu bandu huisha gogo.

Nilikuwa nimeshaifuta.

— Ejok, sauti ilitusalimu kwa Kiturkana nyuma yetu.

— Ejok-noi, tukaitikia.

Alikuwa msichana mrefu, ameshika ndoo ya rangi. Ndoo niliijua kabla ya kumjua yeye: ilikuwa na jina la Gatdet ubavuni.

— Mimi Nyariek, dada yake Gatdet. Pasta amenipa kazi ya kupaka kanisa. Fundi Kamba ni nani?

Firmin alinitazama. Injinia alitazama barabara.

— Ni mimi. Gatdet anaendeleaje?

— Mguu uko na chuma. Bado yuko hospitali, Lodwar. Fundi, sikukuja kwa ubaya. Nataka kujua kitu kimoja kabla nipande jukwaa lako. Ile siku, nani alikunywa chai juu?

Injinia, mwenye jibu la kila kitu, alichokonoa udongo kwa kidole cha mguu. Papa Mahesabu alihesabu vikombe. Mimi nilikuwa nalijua jibu. Ili nipate kazi ile nilikuwa nimekata bei, nikaahidi kazi ya siku mbili kwa siku moja. Nilipofunga kamba ya mwisho sikuwa na saa ya kukaa juu. Gatdet aliniuliza kama nimeshapanda. Nikamwambia ndiyo.

— Niliinywa hapa, nikasema. Kwenye benchi hii.

Nilidhani atanitukana. Ningefurahi.

— Anajua, alisema Nyariek. Alikuona ukinywa.

— Sasa mbona alipanda?

— Vijana wa mkono, wasaidizi wake, walikuwa wamesimama hapo. Aliona haya kumuita mtu mzima mwongo mbele yao.

Mama Awoi alikuwa amenyoosha birika kunijazia kikombe. Akalirudisha jikoni.

Nilichukua kalamu niandike upya ule mstari wa chai ya juu. Machozi yalikuwa karibu, na mbele ya Injinia na Firmin sikujali.

— Andika, fundi, alisema Nyariek. Siku ya kufunga jukwaa la kanisa, chai nitakuletea mimi mwenyewe. Utapanda nayo, na mimi nitasimama chini.