Duka Halifungwi Tena Mchana

Kijiwe chetu kipo mkabala na lililokuwa duka la ushirika, hapa Ifakara, kwenye kibanda cha Gaudensi, fundi baiskeli tunayemwita Spana. Mwaka huo, 1996, duka lilikuwa limeuzwa kwa mtu binafsi. Mchana mmoja, kahawa ikiwa ya moto na baiskeli za kutengeneza hakuna, mke wa Spana, Balbina, anayeuza kwenye duka hilo, alivuka barabara na mtoto mgongoni na karatasi mkononi. Zilibaki dakika ishirini ifike saa nane.

— Shikamooni. Bosi kampa kila muuzaji mkataba wake, peke yake. Nisaini kabla ya saa nane, la sivyo kesho nisije.

— Marahaba. Lete, alisema Tadei. Tunamwita Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani, mara moja.

Akasoma kwa kidole. Duka halitafungwa tena mchana. Muuzaji asiondoke kaunta mpaka jioni.

— Evod ana miezi minne, alisema Balbina. Nilikuwa nakimbia nyumbani saa sita kumnyonyesha. Sasa je?

— Usisaini, alisema Wakili. Haraka haraka haina baraka.

— Asaini, alisema Eustaki, ambaye ni Redio kwa sababu hazimiki. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto alie kidogo, atazoea.

— Methali hiyo haihusu kunyonya, nikamwambia.

— Mwalimu, shule zimefungwa.

Wakili alikunja karatasi, akaikunjua.

— Kila mtu na mkataba wake, mnaelewa? Mmoja hawezi kumsemea mwenzake. Wamegawanywa kama kuku wa mnada.

— Afadhali kuku, alisema Redio. Nimesikia kuna mtu Kidatu alisaini, na mtoto wake akahesabiwa mfanyakazi.

— Ndiyo sheria. Hata maziwa, saa za kazi, ni mali ya tajiri.

Spana alicheka. Balbina hakucheka.

— Nimemwomba bosi, alisema. Kakubali kuongeza hapo chini: nikiletewa mtoto saa saba, nimnyonyeshe stoo nusu saa. Ila anataka jina moja la atakayemleta kila siku. Mama kahamia dunguni Namawala, anafukuza ndege kwenye mpunga mpaka mavuno. Jirani aliyenishikia asubuhi anahamia shamba kesho.

— Mtoto naye aende dunguni, alisema Redio.

— Akanyonye ndege? nikamuuliza.

Spana akakohoa.

— Acha kazi, mama Evod. Mungu atatupa.

— Anatupa kupitia duka lile, baba Evod.

Hapo Masanja, Msukuma aliyetoka kuuza ng'ombe na kusimama kunywa kahawa, akaweka kikombe chini.

— Samahani wazee, mimi mgeni. Mko wanaume wanne mmekaa. Mbona mtoto kabebwa na huyo mmoja anayetakiwa kazini?

Redio alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Wakili alirudia kusoma upande wa karatasi usioandikwa kitu. Kwetu hakuna aliyewahi kuona mwanaume akikatiza sokoni na mtoto mchanga. Spana alitazama barabara, ambako watu wanaomfahamu walikuwa wakipita.

Balbina alilegeza kanga, akamlaza mtoto kwenye mapaja ya mumewe yenye grisi. Akachomoa kalamu mfukoni mwa Wakili, akaegemeza karatasi kwenye benchi.

— Niandike jina lako?

Spana alifuta mkono wenye grisi kwenye shati, akamshika mtoto asiteleze. Ng'ambo, milango ya duka ilikuwa inafunguliwa. Balbina akaliandika, akasaini, akavuka barabara bila kugeuka nyuma.