Tapeti Nane Alizozipanga Filemon

Sifael, zima hiyo redio. Wilson, sogeza kiti. Nisikilizeni, wanangu, pumzi zangu ni chache na ninaongea polepole, basi msinimalizie maneno.

Tangu tumzike mama yenu wiki tatu zilizopita, siwezi kusali. Nikianza Baba Yetu, nikifika penye “utusamehe” nakwama.

Gereji ya mjini ni yako, Sifael, kwa kuwa wewe ndiye mwenye sikio la injini. Kihamba hiki cha ukoo na migomba yake ni cha Wilson, na asikikate vipande. Karatasi iko kwa mchungaji. Hilo halina ugomvi. Linalonitesa ni la baba yenu mdogo, Filemon.

Sifael, wewe umezoea injini za siku hizi; lakini Wilson ajue, tapeti ni kile kichuma kinachosukumwa na nundu ya mhimili wa kamshafti ili kufungua vali. Tapeti ya rola ina kigurudumu kinachobingirika juu ya nundu ya kamshafti; haisuguani sana, na ikiwa nzima unaweza kuihamishia hata kwenye kamshafti mpya. Za haidroliki, ziwe za rola au bapa, hujirekebisha zenyewe kwa oili. Zipe oili safi, hazitagonga. Lakini zile bapa za zamani, kila moja imelika pamoja na nundu yake, zimezoeana kama mke na mume. Ukiipeleka kwa nundu ya jirani, zinatafunana mpaka chuma kinakuwa unga ndani ya oili. Kamshafti mpya, tapeti mpya. Kamshafti ileile, kila tapeti irudi palepale ilipotoka. Wilson, usikunje uso, nafika.

Miaka ishirini na miwili iliyopita tulifungua injini ya pikapu ya usharika, ile iliyoshusha wagonjwa kutoka huku Uru. Filemon alitoa tapeti nane, bapa zote, akazipanga juu ya gunia kwa mstari, akaenda dukani kwa Jaswant kutafuta gasketi. Mimi kwa haraka zangu nikazitia zote kwenye beseni la petroli, nikazisugua. Nilipozitoa ndipo nilipokumbuka. Nikazipanga tena kwa kubahatisha, nane, zinang'aa. Aliporudi akacheka, “Kaka, leo umeniogeshea watoto!” Nikacheka naye. Akazifunga.

Wiki ya pili pikapu ile ilimbeba mkewe, Aikaeli, akiwa na uchungu wa kuzaa. Ikaishiwa nguvu kwenye mwinuko baada ya daraja, ikazima. Wakambeba kwa machela. Mtoto alizaliwa amekufa.

Tulifungua injini mbele ya wazee wa kanisa. Nundu tatu zilikuwa zimelika. Filemon akazitazama, akasema, “Nilizifunga mimi. Nimezichanganya, nimemuua mwanangu.” Nami nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Akaacha spana, akahamia Kilema kwa wakwe zake, na hadi leo anafuga ng'ombe. Watu walisema aliyemuua mwanawe asiguse magari yao. Niliwasikia, nikaendelea kunywa chai. Mficha maradhi, wanangu, kifo humuumbua.

Siku ya kumzika mama yenu alinishika bega. “Pole, kaka. Na lile la kukuharibia jina, nisamehe.” Ananiomba mimi msamaha!

Usilie, Sifael. Wilson, unataka kusema atadai fidia? Adai. Akitaka kurudi gereji, mpisheni. Akitaka kunitemea mate, nifunueni shuka.

Sasa inukeni. Kateni jani la isale pale mpakani, lifungeni fundo kama walivyofanya wazee wetu wakienda kuomba radhi, mchungaji hatakasirika. Msimpigie simu. Nendeni wote wawili, mpeni shikamoo, mpeni jani, na kabla hajauliza hali yangu mwambieni, “Wewe ulizipanga vizuri. Baba ndiye aliyezichanganya.” Aikaeli naye asikie. Akilikataa jani, msibishane naye.

Mkinikuta nimekwenda, yasemwe hayo kaburini kabla ya wasifu wangu, na mtu asithubutu kuniita fundi mwaminifu.

Baraka... ndiyo, mnangoja baraka. Mungu aliyewatunza babu zenu awatunze na ninyi. Awape... awape ulimi usiochelewa. Mkono ni mzito, Sifael, uache hapo hapo. Kuwekewa mkono kichwani, muombeni baba yenu mdogo. Ndiye mkubwa wenu sasa. Akikubali.

Nendeni. Nitajitahidi... kungoja.