Courant ya Kumujibu Déo

KASIMU: Haloo? Haloo, nani huyo? Nasikia upepo tu.

APOLLINE: Shemeji Kasimu? Ni mie, Mama Laura, wa Lusangi.

KASIMU: Mama Laura! Ee, Apolline, siku mingi! Hamujambo kule?

APOLLINE: Hatujambo kidogo. Aicha na watoto?

KASIMU: Wako, wanakusalimia. Sasa mbona sauti inaenda inarudi?

APOLLINE: Niko juu ya kichuguu, nyuma ya kanisa. Nikishuka, réseau inabaki huku juu. Shemeji, unité ya telefone ni kidogo, nisikilize. Natafuta alimentation, ile ya kuleta courant ya umeme.

KASIMU: Ya nini?

APOLLINE: Ya phonie. Ile ya Déo.

KASIMU: Ile redio yake ya kuitana ingali?

APOLLINE: Iko mu chumba, palepale aliiacha wakati alienda Salamabila. Naiwashaka na betri ya piki.

KASIMU: Na inawaka?

APOLLINE: Inawaka, inasikia muzuri. Lakini nikibonyeza micro niseme, paa! Inazima.

KASIMU: Lazima izime. Kusikia inakulaka courant kidogo tu, hata betri ya piki inaweza. Kusema ndiyo inakula. Pale inataka ampère ishirini— Lakini weye, bakia na kusikiliza. Inatosha.

APOLLINE: Haitoshi.

KASIMU: Basi chukua betri ya gari—

APOLLINE: Nani ataileta ku piki, na barabara yenu ile? Hervé, kijana wa jirani, alijaribu. Asidi ilimumwangikia kwa njia, suruali ikabaki mukanda tu.

KASIMU: [anacheka] Maskini Hervé! Sikia, iko zile nyepesi, tunatoaka mu kompyuta—

APOLLINE: Déo alikuwa anazikataa. Alisema zinalia mu phonie sawa mbu mu sikio.

KASIMU: Alisema kweli.

APOLLINE: Nataka ile nzito, ya transfo ya chuma. Parokia wataniwashia groupe yao ya mafuta.

KASIMU: Ya transfo hakuna tena mu Kasongo.

APOLLINE: Hata moja?

KASIMU: Nimesema hakuna! Na hata ukiipata, utasema na nani? Kabambare walizima. Salamabila walizima. Kila mutu iko na telefone yake. Hakuna mutu ku ile fréquence, Mama Laura.

APOLLINE: Iko mutu.

[Réseau inakwaruza.]

KASIMU: Unasema?

APOLLINE: Nasema iko mutu. Asubuhi, ile saa yao ya zamani ya kuitana. Anaita, "Lusangi, Lusangi, huku Salamabila, munanipata? À vous." Kisha ananyamaza, anangoja nijibu. Nabonyeza, phonie inazima. Nikiiwasha tena, ameisha kwenda.

KASIMU: Ni panneau hiyo. Betri unaichaji na panneau ya jua, eeh? Ile régulateur inaletaka kelele, mutu anaweza kudhani—

APOLLINE: Nilitoa panneau.

KASIMU: Basi ni waya ya antenne, upepo ukivuma—

APOLLINE: Shemeji. Nililala na ule mwanaume, nikazaa naye. Mie nikose kujua sauti yake?

KASIMU: Alibaki mu shimo ya dhahabu, Mama Laura. Mulima uliwaangukia. Watu waliona.

APOLLINE: Najua.

KASIMU: Sasa—

APOLLINE: Najua alikufa! Sikukupigia uniambie ile. Jumapili Marcellin, mukubwa wa Déo, na ndugu zao wanazika mugomba. Watakata shina, wataifunga mu shuka yake, wataiita Déo, wataishusha mu kaburi, na kilio itaisha. Mie sikatai. Maiti haikuonekana, ni vile tunafanyaka. Lakini mutu anakuita, anakuita, haumujibu, halafu unamuzika? Weye ungeweza?

KASIMU: Hapana.

APOLLINE: Naogopa. Naogopa wazike ule mugomba, halafu yeye aendelee kuita. Mie nitakaa pale na micro mu mukono, nasikia tu. Mupaka nizeeke.

KASIMU: Usilie. Shemeji, usilie juu ya kichuguu, watu watakuona.

APOLLINE: Waone.

KASIMU: Na ukimujibu je? Si utamuzuia kwenda? Mutu mwenye kukohoa vile kabla ya kuita, kifua imejaa udongo, muache apumuzike. Ukianza kumu—

APOLLINE: Umesema nini?

KASIMU: Nasema muache apumu—

APOLLINE: Kukohoa. Umesema anakohoa.

[Réseau inakwaruza, inatulia.]

APOLLINE: Mie sikukuambia anakohoa. Na wakati alikuwa muzima hakukohoaka. Kasimu? Haloo?

KASIMU: Niko.

APOLLINE: Unamusikiaka.

KASIMU: Tangu mvua ilianza.

APOLLINE: Na haukunipigia!

KASIMU: Ningekuambia nini? Anaita Lusangi. Kasongo haiiti hata siku moja. Mie nakaa pale ku phonie yangu, chai inapoa, nasema mu roho, Apolline, mujibu, juu ya nini haumujibu? Nilidhani unasikia na unakataa. Nilikukasirikia, shemeji. Nisamehe.

APOLLINE: Mie? Nimukatae Déo?

KASIMU: Sikujua! Siku moja nikashindwa. Nikachomoa alimentation yangu, nikaifunga mu sanduku, chini ya nguo za Aicha. Akaniuliza, nikasema imeungua.

APOLLINE: Ni ya transfo?

KASIMU: Ni ya transfo.

[Bip.]

APOLLINE: Unité inaisha, shemeji—

KASIMU: Ngoja! Mutoto wangu Yassine anakuja huko na piki kesho. Ataibeba ku mugongo, nitaifunga mu kilago. Sikiliza: waya nyekundu ku nyekundu, nyeusi ku nyeusi. Ukigeuza, phonie inakufa palepale. Na groupe itulie kwanza, ndiyo uchomeke. Umeshika?

APOLLINE: Nimeshika. Nyekundu ku nyekundu. Na weye utabaki na nini?

KASIMU: Achana na mie!

[Bip. Bip.]

APOLLINE: Shemeji, nimwambie nini? Akiisha kusema à vous, nimwambie nini kwanza?

KASIMU: Mwambie tunamupata. Mwambie tulimupata tangu siku ya kwanza, weye na mie. Hakuna mwenye alimukataa, Apolline, mwambie vile. Ni courant tu ilikosekana. Halafu mwambie Jumapili tunamuzika, apumuzike, asiite te— Haloo? Apolline?