Dawa Tatu Ndani ya Askari Mmoja

Asubuhi hiyo kwenye kijiwe cha kahawa cha Chanika, Handeni, walikuwa watu watatu: Sharifu fundi cherehani, waliyemwita Kamusi kwa kuwa hakuna asilolijua; Yordani wa bodaboda; na Faraji, muuza mkaa, aliyekuja na dukuduku lake. Tangu abadilishiwe dawa kliniki alikuwa akisikia kizunguzungu, na leo hakumeza. Kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI alikuwa akijua mkewe tu. Basi akazungukia mbali.

— Jana redioni wamesema dawa za kufubaza virusi siku hizi ni tatu ndani ya kidonge kimoja. Zote zinaingia kwenye seli nyeupe, wale askari wa mwili. Hivi hazigombani humo?

— Zitaacha? Yordani akadakia. Hiyo si ni mshikaki! Mimi nikipakia abiria watatu pikipiki inayumba. Na askari naye lazima ayumbe.

Faraji akashika benchi.

— Muongo huyo, alisema Kamusi. Kirusi akiingia kwa askari anataka kujitoa fotokopi. Dawa mbili zinaiharibu fotokopi. Ya tatu inamzuia asijipachike kwenye ukoo wa askari, yaani vinasaba vyake.

— Hizo mbili si zitagombania mashine? Faraji akauliza.

— Wapi! Zikiingia zinashonewa sare kwanza, ndipo zianze kazi. Kila moja na fundi wake.

— Kitambaa kinatoka wapi?

— Korogwe.

— Zikichoka je?

— Zinashuka Mombo kama abiria wa basi, zinakula, zinapanda tena!

Faraji alicheka, lakini moyoni akajiuliza Kamusi ameyajulia wapi ya sare.

Hapo mke wa Faraji, Raheli, akatokea nyuma ya benchi, amekunja uso.

— Wewe! Dawa umemeza?

— Bado, Faraji akasema.

— Tayari, Kamusi naye akajibu papo hapo, kama mtu anayeulizwa hivyo kila asubuhi nyumbani kwake.

Yordani akamtazama huyu, akamtazama yule, kashata imemkwama mdomoni. Kamusi akainamia kikombe chake.

— Na kizunguzungu? Faraji akauliza polepole.

— Hata mimi kilinisumbua mwanzoni. Kawaambie kliniki leo leo. Ila usiache kumeza, ndugu yangu.

— Na zile sare?

— Sare aliniambia nesi. Mombo nimeongeza mwenyewe.

Raheli akaketi katikati yao, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya kijiweni hapo, akaagiza kahawa.