Nyumba ya Mbao ya Akina Decker

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka marehemu asiye na kaburi: nyumba ya mbao ya akina Decker, hapa hapa Freetown. Ilijengwa enzi za Mwingereza, juu ya msingi wa mawe mekundu. Sasa imebomolewa. Ndiyo, imebomolewa.

Shangazi Yewande Decker alizaliwa humo, akazeekea humo, akiwashonea watu magauni barazani. Lakini mchwa walikuwa wamezila nguzo. Mpwa wake, Bamidele, akaamua ivunjwe kabla haijamwangukia.

"Utakaa kwangu, Shangazi. Nyumba ya saruji, mchwa watang'oka meno."

Asubuhi ya kuvunjwa, Shangazi aligeuza vioo vyote vikatazama ukuta, kama tufanyavyo penye msiba. Jirani yake, Mama Jokotade, akachungulia dirishani, akaviona, akapiga ukunga. Mtaa ukajaa.

"Yewande, nani katutoka?"

"Nyumba."

"Nyumba! Nimeacha wali motoni nije kulilia mbao?"

"Basi rudi ukaulilie wali."

Hakurudi. Alikaa pale, asijue alie au acheke.

Bamidele alifika na mafundi, akakuta watu wameshika tama. Akajitupa mchangani. "Shangazi yangu! Hata kuniaga?"

Shangazi akatokeza barazani. "Inuka, unachafua suruali. Mimi nipo."

Ndipo akamwuliza jambo lililokuwa likimkosesha usingizi. Kila karamu ya wafu, wazee wao waliotangulia huwekewa kunde katika shimo, kando ya mlango wa nyumba ile. "Ukiuondoa, babu yako atapita wapi? Kwako kuna geti, na mlinzi hamjui."

Bamidele akawatazama mafundi. Mafundi wakatazama nyundo zao.

Lakini nguzo zilizooza hazingojei jibu. Mbao zikashushwa, mojamoja.

Walipomaliza, Shangazi alisimama palipokuwa mlango, akamimina maji, akawaita wazee wake kwa majina. "Nimehamia kwa Bamidele, kule mlimani. Mlinzi nimeshamwambia, atawafungulia." Akatega sikio. Mpaka leo hajui kama walisikia.

Poleni sana, akina Decker. Pole, Shangazi Yewande. Nasi tulio katika nyumba mpya, wasikilizaji wapendwa, tujiulize: wazee wetu tuliwaambia tumehamia wapi?