Hadubini Tisa Kabatini: Tunamuaga Mwalimu Otilia Kasense

Tarehe 30 Juni 1997 Mwalimu Otilia Kasense anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha Biolojia, yote katika shule yetu hii ya Sumbawanga. Walimu wamenipa mimi, karani wa ofisi, heshima ya kuandika wasifu huu, ingawa bado ni mgeni hapa. Kila ninaloeleza nimelisikia kwa zaidi ya mtu mmoja, na Mkuu wa shule, Mwalimu Basil, ameyasoma yote. Sehemu inayomhusu yeye aliirudia, kisha akasema kucheka kunaruhusiwa.

Mwalimu Otilia ni mzaliwa wa Kate. Aliripoti hapa mwaka 1968 akiwa na sanduku la bati na koti zito, maana baridi ya Ufipa haikuwa habari mpya kwake. Katika maabara alikuta hadubini moja tu. Kioo chake cha chini kilipovunjika, alikwenda mtaa wa Majengo akanunua kioo cha kunyolea, akakikata, na hadubini ikaona tena. Shida ilikuwa foleni. Mwanafunzi wa kwanza alichungulia kwa raha zake. Wa mwisho alifika kengele ikilia.

Ndipo akabuni utaratibu ambao kila aliyesoma hapa anaukumbuka. Mmoja anachungulia na kueleza. Wengine wanakaa mbali na kuchora wanachokisikia. Mchoro ukitoka vibaya, anayerudi kwenye hadubini ni msemaji, wala mchoraji hagombezwi. Kueleza kulianza kwa Kiswahili, ili watu waelewane kwanza. Kiingereza cha mtihani kilikuja baadaye, kikiwa tayari na kitu cha kubeba.

Michoro ya siku hizo inasimuliwa hadi leo. Msemaji mmoja aliliangalia ganda la kitunguu akatangaza kwamba kuna vyumba vimepangana, na kila chumba kina mtu mmoja ndani. Darasa zima likachora nyumba ya wageni. Leonidas, ambaye sasa ni bwana shamba, aliongeza mlango, kitasa na mbuzi barazani. Alipoulizwa mbuzi ametoka wapi, alijibu kwamba hakuna aliyemwambia hayupo. Mwalimu Otilia alimpa alama, na msemaji akarudi kuchungulia.

Mwaka 1993 mambo yalibadilika. Biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka ya Majengo yamejaa vitu ambavyo zamani vilipatikana kwa kibali, na Mzee Suleimani, mwenye duka na malori, akaizawadia shule hadubini kumi mpya. Shule ilifurahi, na ile hadubini ya zamani ikapumzishwa stoo. Mwalimu Basil aliagiza zipangwe mezani zote, na wanafunzi wachungulie kwa zamu fupi.

Walichungulia. Wakanyamaza pia. Kila mmoja aliinama, akaangalia, akanakili mchoro wa kitabuni, akamaliza. Mwalimu Otilia alivumilia kwa wiki kadhaa. Kisha akachukua hadubini tisa, akazifungia kabatini, na ufunguo akautia mfukoni mwa koti.

Mwalimu Basil alipata habari hiyo siku ambayo Mzee Suleimani alituma salamu kwamba kesho anakuja kuona vifaa vyake vikifanya kazi. Walio karibu na ofisi walisikia mengi kupitia ukutani. Kwa ufupi, Mkuu alisema kwamba Mzee akiudhika na kuchukua vyake, Mwalimu Otilia ataandikiwa uhamisho, na wilaya ina shule za mbali. Mwalimu Otilia, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameezeka nyumba yake mtaa wa Kizwite, hapa hapa mjini, alijibu kwamba amesikia. Ufunguo hakuutoa.

Mzee Suleimani akafika, akapokea shikamoo za darasa zima, akahesabu hadubini iliyokuwa mezani. Ilikuwa moja. Kabla Mkuu hajamaliza kukohoa, Mwalimu Otilia alimkaribisha Mzee achungulie maji ya bwawani. Mzee akafumba jicho moja, kisha lingine, akasema anaona miti. Zilikuwa kope zake mwenyewe.

Mwalimu Otilia akamwita Kija. Kija alikuwa binti wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, na tangu hadubini mpya zije hakuna aliyekuwa amesikia sauti yake darasani. Aliinama akaangalia. Akasema, taratibu, kwamba kuna kandambili yenye manyoya pembeni, inaogelea.

Mzee anauza kandambili. Akataka kujua ni ya mguu wa kushoto au wa kulia. Darasa likacheka, Mkuu akafunga macho. Kija hakucheka. Aliinama tena, akakaa sana, kisha akajibu: ya kushoto, Mzee, ila imebonyea ubavuni, kama mfereji, na vitu vidogo vinaingia humo. Mzee akauliza vinaingia kwenda wapi. Kija akasema anadhani kiumbe huyo anakula.

Ule mfereji ndio mdomo wake. Wiki zote zile za hadubini kumi, hakuna daftari lililouonyesha. Mzee Suleimani alirudi kwenye hadubini akiwa sasa anajua anachokitafuta, na safari hii akapiga kelele kwamba kweli, ameiona, tena inakula bila hata kukaribisha wageni.

Alipoambiwa zilizobaki ziko kabatini, alitazama darasa lililokuwa likigombania zamu ya kusema, akacheka mpaka akakaa. Yeye na Mwalimu Otilia wakakubaliana palepale: nne zibaki hapa, kila kundi moja, na sita ziende katika shule nyingine, mojawapo ikiwa ya kwao Kate, zikisindikizwa na utaratibu ule ule. Lori la Mzee ndilo lililozibeba. Barua ya uhamisho haikuandikwa, na Mwalimu Basil ameniomba nieleze wazi kwamba hata karatasi yake haikuwa imetolewa.

Kija sasa yuko kidato cha sita, mchepuo wa sayansi, na walimu wake wanasema ana maswali mengi.

Mwalimu Otilia, umetufundisha kwamba aliyeona bado ana deni la kueleza. Asante kwa miaka yote. Tunakutakia mapumziko mema Kizwite, maharage yanayokubali, afya njema, na majirani wanaojua kusimulia.